Walisifu Sura Isiyokuwemo

Mimi ni mtu wa duka. Noti ya elfu moja naiinua kwenye mwanga hata kama imeletwa na pasta, na fundi akianza kunisifia duka kabla hajasema anataka nini, mkono wangu unaenda wenyewe kufunga droo. Duka lenyewe ni la vifaa vya ujenzi, hapa Kitengela, upande wa Noonkopir. Nililirithi kutoka kwa baba, pamoja na tabia hii ya kumshuku mtu anayetabasamu mapema. Kwa hivyo sina kisingizio. Wahakiki walipoanza kukimwagia kitabu changu sifa, mtu kama mimi alipaswa kushtuka siku ya kwanza.

Sikushtuka. Nilisikia utamu, nikanyamaza, nikaendelea kula.

Kitabu kilikuwa kuhusu baba. Niliandika miaka mitatu nyuma ya kaunta, kati ya mteja wa misumari na mteja wa mabati, nikieleza alivyoshuka kutoka upande wa Mlima Kenya akiwa na magunia manne ya viazi na akabaki hapa hadi tukamzika. Sura nyingi ni za kawaida: duka la kwanza la mabati, kanisa, mama na ukali wake. Lakini kilikuwa na sura moja, ya tisa, ambayo bila hiyo nisingejisumbua kuandika. Niliiita Silanga.

Silanga ni bwawa la udongo la kunyweshea ng'ombe. Hili lilikuwa la jirani yetu, mzee Mmaasai ambaye alimuuzia baba shamba la kwanza. Walikubaliana kwa mdomo kwamba mpaka ni korongo. Karatasi ambayo mzee aliiwekea kidole gumba haikuishia kwenye korongo. Mstari ulivuka, ukazunguka silanga, ukaiweka upande wetu. Mzee hakujua kusoma. Alikuja kuujua huo mstari siku ambayo seng'enge ilipigwa. Nilikuwa na miaka kumi, na nakumbuka ng'ombe wake wamesimama nje ya ua wakilia, siku mbili, na mama akitufungia madirisha. Baadaye mzee alihamisha boma lake kwenda upande wa Mashuuru, mbali na maji aliyoyachimba babake.

Huko, watu wake hawakumuuliza mengi. Walisema ameuza maji. Wengine walisema aliuza kwa sababu ya pombe, wengine kwa upumbavu tu, lakini jina lilimkaa: yule aliyeuza maji. Alikufa nalo. Wanawe wakikosana na mtu, hadi leo, wanatupiwa hilo. Nayo silanga ilifukiwa kwa kifusi zamani, na juu yake nimejenga vyumba vya kupangisha, ghorofa mbili. Sitaki mtu anisomee hili kwa sauti ya upole. Nakula kutoka pale.

Baada ya kumzika baba nilifungua sanduku lake la bati, nikaiona ile karatasi na ule mstari. Ndipo nikamtafuta binti ya mzee, mwalimu mstaafu wa shule ya msingi anayeishi Kajiado mjini. Nilimkuta akipepeta maharagwe. Nilimsalimia kwa Kimaa changu kibovu, akacheka kidogo, akanipa kiti. Nikamwambia naandika kitabu, na kwamba ndani yake nitasema waziwazi babake hakuuza silanga. Nikamwomba anieleze anachokumbuka.

"Hapana," akasema. "Wewe andika ile mnajua nyinyi. Yetu tunaijua. Mimi nitasoma."

"Dada, nakuahidi itakuwa ndani."

"Basi nitasoma," akarudia, na akaendelea na maharagwe yake.

Kitabu kilipotoka, furushi la kwanza lilifika dukani juu ya pikipiki. Nilichukua nakala moja, nikainusa, nikatazama jina langu kwenye jalada, nikairudisha. Sikusoma. Nilikuwa nimekisoma mara nyingi sana kwenye kompyuta hadi kikanikinai. Nyingine nilizigawa: kwa mapasta, kwa watu wa redio, kwa walimu, na hasa kwa wahakiki. Mmoja wao ni mhadhiri anayekaa hapa Kitengela na kuandika kuhusu vitabu gazetini kila wiki. Nilimpelekea nakala mimi mwenyewe, nikiwa nimevaa vizuri.

Ya dada wa Kajiado nilimpelekea pia. Alisoma kwanza jalada la nyuma, ambapo mchapishaji alikuwa ameweka maneno ya watu watatu waliokisifu hata kabla hakijatoka. Akayasoma polepole, akinionyesha kila moja kwa kidole.

"Hawa wanasifu hivi na hawajatema mate?"

Nilicheka, maana najua desturi hiyo tangu utotoni. Kwao, ukiona ndama mzuri au mtoto mchanga, huwezi kusifu tu hivi hivi. Unatema mate kidogo, hata kama ni alama tu, au unamwita mbaya, ili mwenye mali ajue huna nia mbaya. Anayesifu kikavu anatazamwa kwa shaka. Nilimwambia wahakiki ni watu wa suti, hawatemi mate. Yeye hakucheka.

Kisha sifa zikaanza. Sikuwa nimewahi kusifiwa namna ile, hata siku ya arusi yangu. Gazeti moja lilisema nina ujasiri wa kulifungua kaburi la familia kwa mikono mitupu. Blogu ikasema vivyo hivyo. Mhadhiri wangu alinipa nusu ukurasa. Alisema mimi ni mwandishi asiyeogopa kivuli cha babake, na akamalizia kwa sentensi ambayo niliikata kwa mkasi na kuibandika dukani karibu na kalenda, pamoja na zile sifa nyingine: "Sura ya silanga itakuacha ukilia." Wateja walikuwa wakisoma wakisubiri kupimiwa nyaya. Fundi mmoja aliniambia, "Madam, kumbe wewe ni mtu mkubwa," na kwa mara ya kwanza maishani sikuuliza anataka nini.

Wiki mbili baadaye, ujumbe uliingia kwenye simu kutoka kwa dada wa Kajiado. Maneno matatu.

"Nimemaliza. Kumbe uliogopa."

Niliwaka. Nasema ukweli, niliwaka hadi nikamfokea mteja aliyetaka chenji. Nilijiambia huyu mama hajasoma. Amepekua mwanzo na mwisho, sasa ananitusi. Nilijiambia pengine anataka kitu kingine, hawa watu huwezi kuwaridhisha. Ndiyo, nilifikiri hivyo, na neno hilo la "hawa watu" ninalikumbuka kwa aibu. Nikaenda kwenye ukuta wangu wa sifa ili nitulie. Nikasoma tena: asiyeogopa kivuli cha babake. Ujasiri wa kulifungua kaburi la familia kwa mikono mitupu.

Hapo ndipo mtu wa duka ndani yangu alipoamka. Kaburi la familia, kwa mikono mitupu. Nilikuwa nimeyasikia wapi maneno haya? Nikageuza kitabu, nikasoma maelezo ya jalada la nyuma, na yalikuwa pale, neno kwa neno. Kivuli cha baba pia kilikuwa pale. Maelezo hayo niliyaandika mimi. Mchapishaji aliniomba aya moja ya kukiuza kitabu, nikaiandika nikiwa nakunywa chai, nikijisifu bila haya. Wahakiki walikuwa wameichukua na kunirudishia, na mimi nimeibandika ukutani.

Bado nilijipa moyo. Angalau mhadhiri alilia kwenye silanga, na silanga sikuwa nimeitaja nyuma. Basi nikafungua kitabu ili nipate namba ya ukurasa, nimtumie yule dada, nimwambie asome hapa na hapa. Yaliyomo yalisema sura ya tisa inaanza ukurasa wa mia moja ishirini na tisa. Nikafika mia moja ishirini na nane. Nikafunua. Mia moja arobaini na tano.

Nilifikiri kurasa zimeshikana. Nikapuliza. Nikachukua nakala ya pili, ya tatu, nikapasua furushi jingine lililokuwa chini ya mifuko ya saruji. Zote. Kitabu hushonwa kwa mafungu ya kurasa kumi na sita, na fungu moja zima halikuwemo. Pengo liliangukia sura yangu ya tisa yote, kutoka kichwa hadi nukta ya mwisho. Nilikaa juu ya debe la rangi. Kitabu changu cha kusema ukweli kilikuwa kimeuzwa mwezi mzima bila ukweli wenyewe, na mtu pekee aliyeona pengo hilo alinihesabia mimi ndiye mwoga.

Mchapishaji alipopokea simu alisema kiwanda kimekosea, watapiga chapa upya, nisijali. Kisha akaniuliza kama tunaweza kuweka maneno ya mhadhiri kwenye jalada jipya, yale ya kulia. Nikakata simu.

Mhadhiri nilimwita hotelini karibu na stendi, saa ya chakula cha mchana. Ni mtu mpole, mwenye mkoba wa ngozi uliochakaa, na hunywa chai ya maziwa hata kukiwa na jua kali. Niliweka kitabu mezani.

"Daktari, nimefurahi ulivyosema sura ya silanga inaliza," nikaanza. "Wewe ulilia wapi hasa?"

Akatazama kitabu, akanitazama mimi. "Kwa jumla," akasema. "Ile hali."

"Nionyeshe."

Akafungua, akafunua, akarudi nyuma, akaenda mbele. Nilimwona akifika mia moja ishirini na nane. Nilimwona akivuka. Akarudi. Jasho likamtoka juu ya mdomo. Nilidhani nitafurahi; sikufurahi.

Alivua miwani, akaifuta kwa leso muda mrefu kuliko ilivyohitaji. "Nilisoma mwanzo, kama kurasa hamsini," akasema. "Nikasoma mwisho. Katikati nikaangalia yaliyomo. Nina vitabu kumi na vinne mezani, mama, na kila mwandishi ananipigia simu."

"Na ukasema msomaji atalia."

"Jina lilikuwa zuri. Silanga. Nikajua tu itakuwa ya kuhuzunisha." Kisha, kwa sauti ya chini, akaniuliza jambo ambalo sikulitarajia. "Siku ile uliniletea kitabu, unakumbuka uliniambia nini?"

Sikukumbuka. Yeye alikumbuka. Nilimwambia, "Daktari, nisaidie kukipigia debe." Sikumwambia asome. Alisema hajawahi kupokea kitabu kutoka kwa mwandishi anayetaka kisomwe. Wote wanataka kisifiwe, na akiandika kwamba sura ya pili inachosha, mwaka mzima hapewi mkono kanisani. Sisi tunaoandika ni wachache, akasema, tunajuana, na kesho mimi ndiye nitaombwa kusema kuhusu kitabu chake yeye. Kwa hivyo anaandika kama watu wanavyosoma wasifu wa marehemu mazishini: hakuna anayetaja deni wala pombe.

"Lakini mimi sijakufa," nikasema.

"Hapana," akakubali. Akalipa chai yake, na yangu pia. Sijui kwa nini hilo lilinikasirisha zaidi kuliko yote.

Niliondoka nikimshuku yeye, nikiwashuku wote, nikikumbuka kila kitabu nilichowahi kununua kwa sababu mtu alisema hakiwekeki chini. Nilizibandua zile sifa ukutani. Nikaenda saiba, nikachapisha kutoka kwenye kompyuta zile kurasa kumi na sita kama zilivyotakiwa kuwa, na asubuhi iliyofuata nikafunga duka, jambo ambalo silifanyi siku ya kazi, nikaenda Kajiado.

Dada alinifungulia mlango bila tabasamu. Nilimweleza kilichotokea, kiwanda, mafungu, kurasa. Alisikiliza hadi mwisho. Naona hakuniamini, na ningekuwa yeye nisingeamini pia.

"Lete," akasema.

Alivaa miwani, akakaa karibu na dirisha, akasoma. Nilikuwa sijawahi kumwona mtu akisoma maneno yangu mbele yangu. Alisoma na kidole chini ya mstari, kama alivyofundisha watoto miaka yote hiyo, hakuruka hata kichwa cha sura. Chai aliyoniwekea ilipoa. Alifika mahali nilipoandika juu ya ng'ombe kusimama kwenye seng'enge, akavua miwani, akaivaa tena. Nilitamani aseme kitu. Baada ya yote niliyoyaona, bado nilitamani anisifu, na nilijichukia kwa hilo.

Kwenye ukurasa wa kumi na mbili kidole kilisimama.

"Hapa," akasema. Akasoma kwa sauti: "Baba hakujua kwamba mstari umeizunguka silanga. Aliyekosea ni mpimaji wa ardhi." Akainua macho. "Nani alikuambia hii?"

"Hakuna mtu. Nilifikiri ndivyo ilivyokuwa."

"Ulifikiri ama ulitaka?"

Aliweka karatasi magotini na akanieleza jambo alilokataa kunieleza mara ya kwanza. Alisema mambo hayo bila hasira, na hilo lilifanya iwe vigumu zaidi kukaa pale.

"Siku hiyo baba alinipatia karatasi nisome. Nilikuwa nimemaliza fomu foo, mimi pekee kwa hiyo boma ndio nilijua kusoma. Baba yako akaweka mkono juu yake. Hakunyang'anya, hapana. Aliweka tu mkono, na akaanza kusifu. Akasema mzee huyu ni mtu wa neno moja. Akasema tangu ashuke huku hajaona jirani kama yeye, na watu wote wangekuwa hivi korti zingefungwa. Akasifu ng'ombe, akasifu boma, akanisifu hata mimi kwa masomo. Mama alikuwa pale kando, akatema mate. Baba yako akadhani ni kikohozi, akampa pole."

Alitabasamu kidogo kwa hilo la kikohozi, kisha tabasamu likaisha.

"Sasa baba akaona haya. Umesifiwa hivyo mbele ya watoto wako, utasema tena lete karatasi isomwe? Akaniambia wacha. Akaweka kidole. Lakini mimi nilikuwa nimeona mstari, pembeni ya mkono wa baba yako. Nilinyamaza, kwa sababu baba alisema wacha. Na yeye alijua. Hakuna mtu anafunika kitu hajui kiko wapi."

Nilitaka kumtetea baba. Maneno yalikuwa tayari mdomoni: mzee wa kanisa, mtu aliyelipia karo watoto wa wenyewe, mtu aliyesalimia kila mtu mtaani. Nikayasikia yalivyo, nikayajua. Hayo ndiyo maneno ya jalada la nyuma. Nilimkasirikia mhadhiri kwa kusifu asichosoma, na mimi nilikuwa na karatasi ya baba mkononi, mstari unaonekana, hata upofu sikuweza kujisingizia. Niliisoma, nikamwandikia vizuri.

Kama baba hakujua, basi hakuna aliyedanganya, na mzee alibaki pale pale: mpumbavu aliyeuza maji. Sura yangu ya ujasiri ilikuwa imemwacha na jina lake.

"Niambie nifanye nini," nikasema.

Alinyoosha mkono kwenye rafu, akachukua kalamu nyekundu ya ualimu, akanipa. "Mimi sisahihishi kitabu ya mtu," akasema. "Andika wewe."

Nilikata sentensi zote mbili. Mstari ulipinda. Juu yake nikaandika: Baba alijua. Aliifunika karatasi kwa mkono na akamsifu mzee hadi mzee akaona haya kuuliza.

Akazichukua karatasi. Akasoma nilichoandika, mara ya kwanza, mara ya pili. Hakuniambia ni nzuri. Alizigonga magotini zikalingana, akalowesha kidole kwa ulimi, akaanza kuzihesabu: mia moja ishirini na tisa, mia moja thelathini, mia moja thelathini na moja, moja moja, hadi mia moja arobaini na nne.

"Iko yote," akasema, na ndipo akaniwekea chai nyingine.